UZI: Kadra (saa za kupimia) za simulateri ya ndege zinakudanganya? Anzia kwenye ekra kabla ya kushika bisibisi

Badini_Himbi (Goma)

Bandugu salamu. Naweka huu uzi juu ya meseji zinakuwa mingi inbox na zote ni ileile, "mukubwa altimetri yangu inasema uongo", "badini inarukaruka", "kap inatembea yenyewe" (altimetri inapima kimo, badini kasi, kap mwelekeo), na ukiuliza vizuri unakuta mtu deja amefungua boksi, amekata waya, amenunua moteri ingine, na shida iko palepale. Kujibu moja moja nimechoka, donki wacha nitupe hapa yale najua na ninyi muongeze.

Kitu cha kwanza, na ndicho watu wote wanaruka: weka kamera ndani ya kokpiti kwenye ekra, angalia kadra ya ekra na kadra yako ya mkono, pembeni kwa pembeni. Kama zote mbili zinasema namba moja, hata kama namba yenyewe ni ya ajabu, moteri yako haina kosa, Arduino (kibao kinachoendesha moteri) haina kosa, achana na waya. Shida iko ndani ya simulateri: presha, baridi, ama kuna pane (hitilafu) imewekwa. Kama ekra iko sawa na kadra yako ndiyo inaenda kwingine, hapo sasa tunaongea programu ya katikati (ile inatoa namba kwa simulateri na kuzipeleka kwa Arduino), umeme na waya. Ni dakika moja tu hiyo na inakuokolea wikendi nzima.

Sasa altimetri, juu ndiyo inaleta kelele zaidi. Sisi wa huku tuko na bahati kwa kupima, juu hatuko kwenye bahari. Paki ndege FZNA, uwanja wetu wa Goma, kimo chake ni futi 5,089. Ukiweka QNH (presha ya hewa ikihesabiwa kwa usawa wa bahari) ya saa ile, altimetri inapaswa kusimama hapo hapo, tofauti ya futi ishirini thelathini usijali. Ikikuonyesha kama 4,900, hiyo si kuharibika, angalia kioo kidogo cha presha, utakuta umebakia na 1013 wakati QNH ni 1020. Kila hektopaskali moja ni futi 27 hivi, saba mara 27 ni 189, basi hesabu inakubali. Kwa Microsoft Flight Simulator unapiga B kwenye klavye na inajiweka yenyewe, X-Plane hiyo B ni ya kitu kingine kwa hiyo geuza kitufe kwa mkono.

Alafu angalia kama ndege yako inasoma hektopaskali ama inchi. Cessna 172 mingi ziko na inchi, 29.92 ndiyo 1013, na 1018 inakuwa 30.06. Pale ukikosea sehemu moja tu ya kumi ya inchi umekosa karibu futi 100.

Na kuna watu walisoma kwenye vitabu vya zamani habari ya QFE, eti unaweka presha ya uwanja ili altimetri ionyeshe sifuri ukiwa chini. Goma hiyo haiwezekani bana. Presha ya chini hapa ni kama hektopaskali 840, kioo cha Cessna hakifiki huko hata ugeuze mpaka vidole viume.

Kamalondo243 (Lubumbashi)

Yaya aksanti kwa huu uzi, njo kitu tulikuwa tunangoja. Mi niko na swali ya varyo (kadra ya kupanda na kushuka). Nilijenga yangu na moteri kidogo ile ya kadra za motokari, kwa ekra inasema napanda 500 na yangu mshale haitoke hata kwa sifuri, iko natetemeka tu kidogo sawa mutu mwenye malaria. Nikishuka, vilevile. Njo nikasema moteri imekufa lakini nikiipima na programu ya jaribio inazunguka muzuri.

Badini_Himbi (Goma)

Mudogo wangu moteri iko mzima. Weka namba mbichi kwenye ekra, ile programu yako inapokea kabla ya kuituma kwa moteri. Niko sure utaona kama 8.3.

Kamalondo243 (Lubumbashi)

8.3 na kidogo, ndiyo!! Umejuaje?

Badini_Himbi (Goma)

Juu SimConnect (njia ya Microsoft ya kutoa namba za simulateri) inatoa VERTICAL SPEED kwa futi kwa sekunde, na kadra yako umeichora kwa futi kwa dakika. 500 gawa kwa 60 ni 8.33. Zidisha na 60 kabla ya kutuma kwa moteri, ama omba kipimo cha futi kwa dakika tangu mwanzo, kisha lala.

Na kwa kuwa tumefika hapo, hii ya vipimo ndiyo mwizi mkubwa kuliko waya zote. Mutu mmoja wa hapa Goma aliniita nyumbani kwake, altimetri yake nzuri sana, kazi safi, mishale miwili imekatwa kwa bati la kopo na rangi nyeupe, imekaa FZNA na inaonyesha 1,550. Alikuwa amebadilisha moteri. Nikamuuliza Goma iko mita ngapi juu ya bahari? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mwenyewe. 1,551. Ile namba alikuwa anachukua kwa FSUIPC (programu ingine ya katikati) ni ya ofseti (anwani ya namba) 0570, ambayo ni kimo cha kweli cha ndege kwa mita. Kile anapaswa kuchukua ni 3324, hiyo ndiyo namba altimetri yenyewe inaonyesha, na inafuata kitufe cha presha. Ukichukua 0570 hata ukibadilisha kuwa futi bado utakuwa na kadra haijali QNH, utageuza kitufe na mshale haujongei, na utaanza kutafuta shida kwenye kitufe.

Kap pia. PLANE HEADING DEGREES MAGNETIC jina linasema digri lakini isipoombwa vizuri inakuja kwa radiani (kipimo kingine cha pembe), unaenda kusini na kadra inasema 3. Ukiona namba haipiti 6.28 ujue ni hiyo.

Badini nayo: kwa FSUIPC ofseti 02BC ni noti (maili za baharini kwa saa) zimezidishwa na 128. Ukisahau kugawa, ndege imepaki na upepo kidogo tu na mshale umekwisha kugonga ukuta.

Katindo_Pilote (Goma)

Mi nataka kuongeza kitu kwa badini juu watu wanalalamika bure. Unaruka kwa futi 10,000, badini inasema 100, GPS inasema 120, mtu anaandika "badini yangu imepungua". Haijapungua! Hewa ya juu ni nyepesi, badini inapima ile hewa inaingia kwenye pito (bomba linaloelekea mbele), haipimi unatembea aje juu ya ardhi. Kwa haraka hesabu asilimia 2 kwa kila futi elfu. Hata hapa chini Goma ukija kutua na 65, kasi ya kweli iko kama 72, ndiyo maana mtu aliyezoea viwanja vya pwani akija kutua hapa anaona piste (njia ya kutua) inakuja mbio. Upepo nao haujauhesabu. Zima upepo kwenye simulateri kwanza kabla ya kulinganisha.

Dada_Kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu. Yangu si ya hesabu, nimesoma yote na ekra yangu iko sawa. Nina altimetri na kap na badini, zote na moteri za 28BYJ-48, moja tena kwa mshale wa pili wa altimetri, nne jumla. Zinaanza sawa. Nikisharuka kidogo altimetri inabaki nyuma ama inakimbia mbele, si sana, futi 40, futi 60, na umeme ukikatika ukirudi (munajua Bukavu yetu) kila mshale umesimama pale ulikuwa na unaanza kuhesabu kutoka hapo kama ndio sifuri. Tena kap ikipita kaskazini, 359 kwenda 001, inazunguka nyuma mduara mzima. Watoto wanacheka.

Badini_Himbi (Goma)

Dada karibu, hizo ni shida tatu tofauti zimevaa nguo moja.

Ya kuzunguka nyuma ni rahisi. Kama unatumia MobiFlight (programu ya kuunganisha Arduino na simulateri) kuna kisanduku kwenye moteri kinaitwa compass mode, kiweke alama, itajua kwamba 359 na 001 ni majirani. Kama kodi umeandika mwenyewe, tafuta tofauti kati ya kap mpya na ya zamani, ikizidi 180 toa 360, ikiwa chini ya hasi 180 ongeza 360.

Ya umeme: hizi moteri za hatua kwa hatua hazijui ziko wapi. Zinajua tu "nenda hatua mia mbele". Umeme ukikatika, kumbukumbu imekwenda. Zile ndogo za motokari, X27.168, ziko na ukuta ndani, zinazunguka nyuzi 315 tu, kwa hiyo ukiwasha unazirudisha mpaka zigonge ukuta na hapo ndio sifuri. 28BYJ-48 haina ukuta, inazunguka hadi kiama. Inahitaji sensa, ama ya mwanga ama ya Hall (inayosikia sumaku) na kipande kidogo cha sumaku nyuma ya mshale, na MobiFlight inajua kuitumia, ukiwasha inazungusha mpaka sensa iseme ndiyo. Bila sensa itabidi kila asubuhi urudishe mishale kwa mkono.

Ya futi 40 na 60, hapo nataka ufanye jaribio moja. Panda kutoka futi 5,000 mpaka 15,000 pole pole, andika tofauti ya kadra na ekra. Shuka mpaka 5,000 tena, andika tena. Uniambie.

Mzee_Ibanda (Bukavu)

Samahani nitasema kitu mtachukia. Bei ya hizo moteri zote na sensa na waya, pamoja na hizo saa za kukesha, si ununue ekra ya zamani ya mashini, uweke karatasi ngumu yenye matundu mbele yake na programu ya Air Manager ichore kadra nyuma? Mshale wa ekra haurukagi hatua. Mi nafanya hivyo na naruka vizuri kutoka Kavumu, uwanja wa Bukavu, kuja Goma, ziwa liko kulia, safari haifiki maili 50.

Dada_Kadutu (Bukavu)

Papa heshima yako, lakini mi napenda mshale wa kweli. Nikitaka ekra ninayo moja tayari.

Katindo_Pilote (Goma)

Papa Ibanda hajakosea kwa mfuko. Lakini na yeye aseme ukweli, ekra ya pili inakula umeme wa inverta kuliko moteri nne.

Dada_Kadutu (Bukavu)

Nimefanya. Nikifika 15,000 kadra yangu iko mbele futi 50. Nikirudi 5,000 iko sawa kabisa, sifuri. Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili nimewasha na taa za kokpiti, nikarudi 5,000 nikakuta imebaki nyuma futi 90, na haikujirekebisha tena.

Badini_Himbi (Goma)

Eh dada umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi nawajua.

Ile ya kwanza: kosa linakuja ukipanda na kufutika ukishuka. Hiyo si kuruka hatua, hiyo ni hesabu ya gia. Watu wote wanaandika hatua 2048 kwa mzunguko juu wanafikiri gia ni 64 kwa 1. Nyingi ndani ziko 63.68 kwa 1, ambayo inatoa hatua 2038 hivi. Mshale mrefu wa altimetri unazunguka mara moja kwa kila futi 1,000, kila mzunguko unazidisha hatua 10, ambayo ni futi 5 kasoro. Kutoka 5,000 mpaka 15,000 mizunguko kumi, futi 50. Ndiyo namba yako. Badilisha 2048 iwe 2038, kama unatumia nusu hatua 4096 iwe 4076, na itakufa.

Ile ya pili, kosa limebaki hata baada ya kurudi: hapo moteri imeambiwa tembea na haikutembea. Hatua zimepotea. Sababu ni mbili, ama unaikimbiza sana, ama umeme ni dhaifu. Kwa vile ulisema ilianza ukiwasha taa, mi nashuku umeme. Kila moteri ya aina ile inakunywa kama miliampa 200 ikitembea. Nne ni 800. Tundu la USB la kawaida linatoa 500. Chukua multimetri, weka kwenye pini ya 5V na masi (upande wa hasi, GND) ya Arduino, mishale yote ikiwa inatembea na taa zimewaka. Unapata ngapi?

Dada_Kadutu (Bukavu)

4.3, na ikianza kutembea yote pamoja inafika 4.1.

Badini_Himbi (Goma)

Ndiyo hiyo. Toa moteri kwenye Arduino kabisa, zipe umeme wake, alimentasyo ya volti 5 na ampa 2 inatosha, inaenda moja kwa moja kwenye vile vibao vya ULN2003 vinavyosukuma moteri. Arduino inabaki kwa USB. Lakini, na hapa ndipo watu wanaanguka, UNGANISHA MASI. Masi ya alimentasyo na masi ya Arduino lazima zikutane. Usipofanya hivyo mishale itacheza rumba.

Kamalondo243 (Lubumbashi)

Varyo yangu inapanda yaya!! Sasa nauliza kwa potansyometri ya gaz (ile inasoma wenzo wa nguvu ya injini), hiyo namba inatetemeka hata sijagusa, 612, 615, 609, mu ndege moteri inasikika inapumua.

Katindo_Pilote (Goma)

Hiyo ni kelele ya kawaida, Arduino inasoma 0 mpaka 1023, kuruka tatu ni kidogo. Weka kondansateri ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa katikati na masi, karibu na pini ya Arduino si karibu na potansyometri. Na kwa kodi chukua wastani wa kusoma mara nane. Kama inaruka 50 ama 100 hapo potansyometri imechakaa ndani, kaboni imekwisha, tupa. Na potansyometri uilishe kutoka 5V ya Arduino yenyewe, si kwa alimentasyo ingine, juu Arduino inalinganisha na umeme wake mwenyewe.

Mzee_Ibanda (Bukavu)

Turudi kwa ile ya mwanzo, pane za ndani ya simulateri. Juzi nimetoka Goma nikazunguka Karisimbi kuangalia kilele, nikaendelea kupanda mpaka 17,000 ndani ya mawingu, badini ikaanza kushuka, 120, 90, 60, sifuri. Ndege haijaanguka, moteri inasikika vizuri. Ekra ni ileile sifuri.

Badini_Himbi (Goma)

Barafu kwenye pito, Papa. Huku kwetu baridi ya sifuri inaanzia kama futi 15,000 ama 16,000, juu ya hapo ukiingia wingu bila kuwasha joto la pito, mdomo unafungwa. Washa pitot heat kabla ya kuingia wingu, si baada. Na chunguza vile kadra zinaongopa, kila tundu liko na uongo wake. Mdomo wa pito ukifungwa na tundu la kutoa maji likibaki wazi, badini inaenda sifuri kama yako. Vikifungwa vyote viwili, badini inageuka kuwa altimetri: unapanda na inaongezeka, unashuka na inapungua, hata kama umetoa gaz yote. Tundu la statiki (la presha ya hewa ya nje) likifungwa, altimetri inaganda, varyo inakaa sifuri, na badini inasoma kidogo kuliko kweli ukiwa juu ya pale palifungwa, na zaidi ukiwa chini.

Hii si ya kuchezea. Birgenair 301, tarehe 6 Februari 1996, Puerto Plata, pito moja lilikuwa limefungwa, wachunguzi walishuku nyigu walijenga ndani wakati ndege imepaki, watu 189 walikufa. Mwaka huohuo Oktoba, Aeroperú 603, mtu alisafisha ndege akaacha utepe wa gundi juu ya matundu ya statiki, watu 70 walikufa. Wale marubani walikuwa na kadra nzuri kabisa, hakuna iliyoharibika hata moja.

Dada_Kadutu (Bukavu)

Nyigu? Hapa kwetu wanajenga hata ndani ya prizi.

Katindo_Pilote (Goma)

Na orizoni (kadra ya kuonyesha ndege imelala aje) isisahaulike. Kwa Cessna ya kadra za zamani, orizoni na kap zinazungushwa na pompa ya hewa, biy ya kugeuka (kadra ya kuonyesha ndege inageuka) inatumia umeme. Ukiona orizoni inalala pole pole upande mmoja na biy inasema uko sawa, angalia kadra ndogo ya kunyonya, inapaswa kuwa kati ya inchi za zebaki 4.5 na 5.5. Imeshuka? Pompa imekufa, na kama hukuiua wewe nenda kwenye menyu ya pane uone kama kuna mtu ameacha zile za bahati nasibu zimewashwa. Kap ikitembea digri chache kila robo saa, hiyo ni kawaida ya jiro (gurudumu linalozunguka ndani yake), linganisha na dira na uirekebishe, kwenye Microsoft ni kitufe cha D.

Dada_Kadutu (Bukavu)

Alimentasyo imewekwa, masi zimeunganishwa, 2038 imeingia. Nimetoka Kavumu nikapanda 14,000, nikarudi na taa zote zimewaka. Multimetri inasema 4.9. Altimetri imesimama 5,643, uwanja wetu ndio 5,643. Sensa ya Hall sijapata bado, hapa mjini wanauza za pikipiki tu, sijui zinafaa?

Badini_Himbi (Goma)

Tuma picha ya maandishi yaliyo mgongoni mwake kwanza. Kama ina miguu mitatu na inakubali volti 5 tutaijaribu.